Simple-CDD: uzoefu wangu wa kutengeneza diski maalumu ya Debian

Ninasakinisha Linux katika kompyuta za shule na zahanati mkoani Tabora, na kwa muda mrefu sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kusubiri. Diski ndogo ya kusakinishia Debian, aina ya Linux ninayoitumia, huweka mfumo wa msingi tu, kisha huvuta programu nyingine mtandaoni. Ukiwa Sikonge au Kaliua na bando la simu, kuweka LibreOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu, katika kompyuta kumi kunakula siku nzima na bando lenyewe. Hilo ndilo lililonifikisha kwenye Simple-CDD, programu ya kutengenezea diski yako mwenyewe ya kusakinishia, inayopatikana ndani ya Debian yenyewe.

Unafungua folda iitwayo profiles na kuweka humo faili za maandishi: moja ina orodha ya programu unazozitaka, nyingine ina majibu ya maswali ambayo kisakinishi huuliza, na ya tatu, ukiihitaji, ina amri za kutekelezwa mwishoni. Kisha unaandika build-simple-cdd ukiwa mtumiaji wa kawaida, si root (msimamizi mkuu wa mfumo). Programu inapakua ulivyoviorodhesha pamoja na vyote ambavyo programu hizo hutegemea, na kukutolea faili la ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja, la kunakili kwenye flashi. Mara ya kwanza niliiacha ifanye kazi usiku kucha nyumbani, Tabora mjini. Niliporudia baada ya kusahihisha orodha, ilichukua muda mfupi sana, kwa sababu vilivyokwisha kupakuliwa vilikuwa bado vimehifadhiwa. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa gigabaiti, sifa hiyo pekee inatosha kunifanya niipendekeze.

Faili la majibu ndilo lenye nguvu kuliko yote, na ndilo linalohitaji hadhari. Saa za Africa/Dar_es_Salaam, mpangilio wa kibodi na jina la mtumiaji niliyajibu humo mara moja, nisiyaguse tena. Kosa nililofanya ni kujibu pia swali la kugawa diski ya ndani ya kompyuta. Katika shule moja niliwasha flashi hiyo kwenye kompyuta ambayo mwalimu wa taaluma alikuwa amehifadhi mitihani ya miaka iliyopita, na kisakinishi kilifuta kila kitu bila kuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimekiagiza kisiulize. Nilimwomba radhi mwalimu yule, lakini mitihani haikurudi. Tangu siku hiyo swali la diski naliacha wazi, hata kama linanilazimu kukaa mbele ya kila kompyuta.

Jambo jingine ni vifaa vya Wi-Fi. Tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, diski rasmi hubeba programu za kuendeshea vifaa hivyo hata zisizo huru, yaani zile ambazo msimbo wake haujawekwa wazi. Unapotengeneza yako, hakikisha sehemu ya non-free-firmware imo katika mipangilio, maana kompyuta mpakato nyingi hazitaona mtandao bila hiyo.

Anayetaka mfumo unaokimbia moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa atafute live-build, kwani Simple-CDD si ya kazi hiyo. Anayetaka kusakinisha aitumie, na kabla ya kusafiri aijaribu kwa kuongeza --qemu kwenye amri, ili diski iwake kwanza katika kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Mimi sipandi basi la Kaliua kabla ya kufanya hivyo.