Tao la nusu duara na tao bapa: madaraja ya Alcántara na Zhaozhou

Daraja la mawe la Alcántara, lililojengwa nchini Hispania kati ya mwaka 104 na 106 katika utawala wa Mfalme Trajan wa Roma, limebebwa na matao sita ya nusu duara. Tao la namna hiyo huelekeza sehemu kubwa ya uzito chini kwenye nguzo, lakini kadiri linavyopanuliwa ndivyo linavyolazimika kuinuka. Ndiyo maana Warumi, waliotaka barabara tambarare juu ya bonde la mto Tagus, walijenga nguzo nene na ndefu mno.

Li Chun, aliyejenga daraja la Zhaozhou kaskazini mwa China kati ya mwaka 595 na 605, alichukua kipande tu cha duara: tao moja lenye upana wa takriban mita 37, linaloinuka mita 7 hivi. Magari ya kukokotwa hayakupanda mwinuko mkali, wala mto haukuzibwa na nguzo hata moja. Tatizo la tao bapa ni kwamba husukuma kingo kwa nguvu kubwa zaidi. Kwangu, ustadi wake uko hapo hasa, kwani alitoboa matao madogo manne mabegani mwa tao kuu, akapunguza uzito na kuyapa mafuriko njia ya kupita.

Penye kingo za chini ningechagua tao bapa; penye korongo la miamba, nguzo za Kirumi zinafaa zaidi. Matao ya Alcántara, kwa kweli, yaliumizwa zaidi na majeshi yaliyoyabomoa makusudi kuliko na maji.