Masomo manane ya mbwa wangu Mtwara: nilicholipia na nilichopata

Nilihamia Mtwara kikazi kutoka Moshi, nikaja na mbwa wangu wa aina ya German Shepherd, dume wa miaka miwili, kilo 38. Kule Moshi hakuna aliyemshangaa. Hapa Shangani, wiki haijaisha, watoto wa mtaa walishampa jina la "chui", na mzee mmoja aliyezoea kupita getini kwangu akienda msikitini alfajiri akahama njia. Habari hizo aliniletea mwenyekiti wa mtaa, kwa upole sana, huku yeye mwenyewe kasimama ng'ambo ya barabara.

Ndipo nikatafuta mwalimu wa mbwa. Jina lake silitaji. Aliwahi kuwa askari wa kikosi cha mbwa na farasi, siku hizi anafundisha mbwa wa walinzi wa maghala ya korosho na wa watu kama mimi. Masomo manane, shilingi 25,000 kila moja, nusu unatanguliza.

Siku ya kwanza hakugusa hata kamba. Aliomba kadi ya chanjo, akakuta chanjo ya kichaa cha mbwa imepitiliza mwaka, akageuza pikipiki. "Kachanje, ukajitambulishe serikali ya mtaa, kisha nipigie." Niliudhika, nilishalipa. Aliporudi akanieleza jambo ambalo kwa miaka miwili ya kufuga sikuwahi kuambiwa: mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali hapo hapo, kwa sababu dalili zikishaanza mgonjwa haponi. Na mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe, aangaliwe siku 10, maana akibaki mzima siku zote hizo, hakuambukiza.

Somo la pili tuligombana. Alikuja na fimbo. Nikamwambia kwangu fimbo haipigi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haiko upande wake. Akacheka, akaiegemeza ukutani, hakuigusa tena. Kumbe kwa vipande vya dagaa wakavu anafundisha vizuri zaidi.

Nilitaka amri ziwe za Kiswahili, akakataa. "Bosi, ukimfundisha 'kaa', kila mgeni ukimkaribisha kiti mbwa naye atakaa." Akatumia za Kiingereza, za kule kikosini.

Somo lililonirudishia pesa yangu ni la tano. Tulisimama getini, mbwa kalala, kamba fupi, watu wanapita. Hapo nikaelewa kuwa wengi hawakuogopa meno, waliogopa pua yake. Mate ya mbwa yakigusa kanzu ya mtu anayekwenda kuswali, inabidi paoshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Mwalimu mwenyewe ni Mwislamu. Kila tukimaliza alikuwa akiomba ndoo ya maji na udongo kidogo, ananawa taratibu bila kunung'unika. Basi akamfundisha mbwa kurudi nyuma hatua kadhaa kila akisikia nyayo karibu na geti. Ilichukua masomo mawili na dagaa wengi.

Lawama yangu kubwa ni saa. Tulipatana saa 12 asubuhi kabla jua halijakaza, kwani joto la pwani na manyoya yale havipatani. Mara tatu alifika saa mbili kasoro, mbwa ulimi nje, somo likawa nusu. Mtwara kuchele, yaani kumekucha, wanasema wenyewe, ila kwa mwalimu wangu kulichelewa kucha. Kwa hilo nimempa nyota nne.

Ukija huku na mbwa mkubwa, mchukue mwalimu huyu, ila usimlipe masomo yote kwa mkupuo, na kadi ya chanjo itafute mapema kabla hujampigia.

Mzee amerudi kwenye njia yake. Namwamkia, ananiitikia "marahaba mwanangu", anakusanya kanzu kidogo akifika usawa wa geti. Kimebaki kimoja ambacho masomo hayakukiweza: adhana ya alfajiri ikianza kwenye kipaza sauti, mbwa anainua shingo na kulia kwa sauti ndefu mpaka iishe. Nilimuuliza mwalimu dawa yake. Akasema hana, nimwingize ndani. Kwa hiyo siku hizi naamka saa 10 na nusu.