Mti wa mawe kutoka Arizona: jiwe halali, mng'ao wa uongo

Aliyeniuzia kipande hiki cha mti uliogeuka jiwe alitangaza "kimeng'arishwa kwa mkono". Uongo mtupu. Kimepakwa vanishi!

Mti wa mawe wa Arizona karibu wote ni kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kwa kipimo cha Mohs kinachoishia 10, na kisu cha kawaida hakiukwaruzi. Basi uso ukichunika kwa ukucha, kinachochunika si jiwe. Hiki kilichunika ukingoni. Nikasugua pamba yenye asetoni, ikatoka inanata, na chini yake alama za msumeno zikajitokeza zote, hazijaguswa.

Kwatzi ina ngazi zake za kusuguliwa. Unaanza na unga wa kusugulia wa silikoni kabaidi namba 80, wenye punje kubwa (namba ikipanda punje huwa ndogo), mpaka alama za msumeno zifutike zote, kisha 220, 600, 1200. Kila ukibadilisha namba unaosha jiwe, meza na mikono, kwani punje moja ya 80 ikibaki itachora mkwaruzo utakaougundua mwisho, kazi ikiwa imeshaharibika. Mng'ao wenyewe huja na unga wa seriamu oksaidi juu ya felti, kitambaa kizito cha sufu, yenye unyevu. Felti ikikauka, joto linaweza kulipasua jiwe. Ngazi ya 80 ndiyo inayokula muda, na ndiyo hiyo fundi wa muuzaji aliyoikwepa.

Kabla ya kulipa, omba video kipande kikiinamishwa chini ya taa ya tyubu. Kwenye mng'ao wa kweli kingo za taa huonekana zimenyooka. Kwenye vanishi zinayumba, na ukitazama nyufa utaona imetuama humo, pengine na vipovu. Taa ya UV hufichua gundi nyingi, ila usiitegemee peke yake kwa sababu kalkedoni nyingine, ambayo ni aina ya kwatzi, nayo huwaka. Nyufa kujazwa epoksi, aina ya gundi, si kosa, mradi muuzaji aseme.

Huyu nilipomuuliza alinijibu kwamba mteja wa kawaida haoni tofauti, kisha akanifungia mawasiliano. Dharau ya namna gani hii?

Nilikusudia kuwaambia msinunue kwake kamwe. Lakini pale vanishi ilipotoka nimelimwagia maji, na jiwe ni zuri mno: wekundu na manjano ya chuma, weusi wa manganizi, katika mti uliozikwa zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, majivu ya volkano yakiachia silika, inayounda kwatzi, kwenye maji yaliyoupenya. Na karatasi ya kuonyesha limetoka shamba la mtu binafsi aliiambatisha, jambo kubwa, maana kuokota hata kibanzi ndani ya hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona ni marufuku. Kwa hayo ningempa nyota tatu.

Hapana. Bei aliyotoza ni ya kazi ambayo haikufanyika. Nyota moja, mpaka anirudishie tofauti kati ya kipande kilichokatwa tu na kilichong'arishwa.