Afrodeezia ya Marcus Miller: besi iliyofuata njia ya watumwa

Spika ya simu haijui besi. Hilo nililithibitisha jioni ya kwanza nilipoifungua albamu ya Afrodeezia sebuleni kwangu hapa Dodoma, nikasikia tarumbeta, saksafoni na sauti za waimbaji, huku mwenye albamu, ambaye ni mpiga besi, akiwa kama hakufika studio kabisa. Kesho yake niliazima spika kubwa ya kwaya yetu, ile inayobebwa na watu wawili, na wimbo wa kwanza ulipoanza kioo cha kabati la vyombo kikawa kinanguruma kila nota ya chini ilipopita. Ninayoyaandika hapa yametokana na usikilizaji huo wa pili na wa tatu, na ninamwomba msomaji asiihukumu kazi hii kwa kifaa ambacho hakina uwezo wa kuitoa.

Marcus Miller alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 14 Juni 1959, akakulia Queens katika nyumba ambayo baba alikuwa mpiga kinanda wa kanisani na kiongozi wa kwaya. Mpiga piano Wynton Kelly, aliyewahi kuwamo katika bendi ya mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi Miles Davis, alikuwa ndugu yao wa ukoo. Kijana Miller alijifunza klarineti kabla besi haijamteka, na klarineti haikumwacha, kwani hadi leo hupiga klarineti besi, chombo chenye sauti nzito inayofanana na ya mzee anayezungumza taratibu. Mwaka 1981 alikuwa tayari anasikika kwenye santuri ya Miles Davis, na mwaka 1986 ndiye aliyetunga na kupiga sehemu kubwa ya Tutu, albamu ya Davis iliyobeba jina la Askofu Desmond Tutu. Katika miaka hiyohiyo alikuwa mshirika wa karibu wa mwimbaji Luther Vandross, akimtungia na kumtayarishia nyimbo za mapenzi ambazo hazina uhusiano wowote na ukali wa Davis. Kwa mtu wa namna hiyo, kuchanganya mitindo ni hali aliyokulia ndani yake, na ndiyo maana mchanganyiko wa Afrodeezia, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Blue Note mwaka 2015, hausikiki kama wa kulazimishwa.

Msomaji wa hapa kwetu anaposikia neno jazi hukumbuka kwanza Morogoro Jazz, Tabora Jazz au Western Jazz, bendi za dansi ambazo kazi ya besi ilikuwa kuwainua watu vitini. Kumbukumbu hiyo haimpotezi, maana Hylife, wimbo unaofungua albamu, umejengwa juu ya mdundo wa dansi la Afrika Magharibi, na waimbaji wa huko wanaitikiana na besi kama wanavyoitikiana mwimbaji na kibwagizo. Atakayemshangaza kidogo ni mpiga besi mwenyewe, kwa sababu gitaa la besi ambalo sisi tumezoea kulisikia nyuma ya solo na rithimu hapa linashika nafasi ya mwimbaji, na Miller hulichapa kwa kidole gumba na kuivuta kamba kwa kidole kingine, hata sauti ikatoka na mlio wa ngoma ndani yake.

Wazo lililoizaa albamu lina historia. Miller alipofika kisiwa cha Gorée nchini Senegali na kuiona Nyumba ya Watumwa alitunga wimbo kwa jina la kisiwa hicho, uliomo katika albamu yake ya mwaka 2012, na mwaka 2013 UNESCO ilimteua kuwa Msanii wa Amani na msemaji wa mradi wake wa Njia ya Watumwa, ulioanzishwa Ouidah, Benin, mwaka 1994. Katika Afrodeezia aliamua kuifuata njia hiyo kwa masikio: midundo ya Afrika Magharibi na Moroko, kisha Brazili, Karibi, kusini mwa Marekani, hadi miji ya kaskazini, akiwashirikisha wanamuziki wa huko pamoja na bendi yake yenye Alex Han kwenye saksafoni na Louis Cato kwenye dramu.

Chombo kilichonishika zaidi ni gimbri, ambayo Miller anaipiga mwenyewe. Hii ni besi ya kale ya Wagnawa wa Moroko, watu ambao asili yao ni watumwa waliovushwa jangwa la Sahara. Ina kamba tatu, tumbo lake huwambwa ngozi ya ngamia, na mpigaji huivuta kamba na kuigonga ngozi kwa mkono uleule. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga zeze la Kigogo, lenye kibuyu na ngozi, au akasikia ilimba ikinguruma kwenye vyuma vyake virefu, atalitambua tabaka hilo la sauti kabla hajaambiwa jina la chombo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa kijijini Doduma mwaka 1938, aliupeleka muziki huo wa Wagogo kwenye majukwaa ya dunia, na mimi nilipoisikia gimbri nilijikuta nikitafuta kanda zake usiku uleule. Inaonekana wazi pia kwamba ule mchapo wa kidole gumba uliompatia Miller umaarufu una jamaa wa mbali katika mkono wa Mgnawa, ingawa sidai kwamba mmoja alimfundisha mwingine.

Hapo ndipo ninapolalamika kidogo. Ramani ya albamu inaelekea magharibi tu, kuivuka Atlantiki, na haina hata wimbo mmoja unaogeuka kuutazama mwambao wetu. Misafara ya pembe na watumwa ilitoka Ujiji na Tabora, ikapita Kilimatinde, ikaingia nchi ya Ugogo ambako watemi walitoza hongo kwa ajili ya maji na njia, ikapumzika Mpwapwa, kisha ikashuka hadi Bagamoyo. Sisi tunaishi juu ya njia ile. Watoto wetu wanaisoma darasani na mabasi ya Dar es Salaam hufuata kwa kiasi mwelekeo wake. Najua msanii hawezi kubeba bahari mbili katika santuri moja, na asili yake mwenyewe iko upande ule, lakini masikio ya Dodoma hayawezi kuacha kuliona pengo hilo.

Nyimbo mbili zinastahili kusikilizwa kwa pamoja, ingawa sijui kama Miller alikusudia ziwe jozi. Preacher's Kid ameitunga kwa heshima ya baba yake William, yule mpiga kinanda, na ndani yake mna kinanda cha kanisa, sauti zinazopanda kama kwaya kabla ya mahubiri, na utulivu ambao mtu aliyelelewa kanisani hahitaji kufafanuliwa. Mara baadaye kunakuja Papa Was a Rolling Stone, wimbo ulioimbwa na kundi la Temptations mwaka 1972, unaomzungumzia baba aliyekuwa akitangatanga na kufa bila kuwaachia wanawe kitu. Baba mmoja yupo kila Jumapili, mwingine hayupo kamwe, na kijana wa yule wa kwanza ndiye anayewapigia wote wawili. Ameongeza uzito kwa kumwalika Wah Wah Watson, mpiga gitaa aliyeshiriki katika rekodi ile ya zamani, pamoja na mwanamuziki wa bluzi Keb' Mo'. Hata hivyo naipenda zaidi rekodi ile ya 1972. Nguvu ya besi ya wakati ule ilikuwa katika nota zake chache na ukimya mrefu uliofuata kila mara, hata msikilizaji akawa anaingoja nota inayokuja kama mtu anayengoja hodi mlangoni, ilhali Miller anaujaza ukimya huo kwa ufundi wake, na ufundi ukizidi huruma hupungua.

Kosa hilo halimo katika I Still Believe I Hear, wimbo uliotoka kwenye opera ya mtunzi Mfaransa Bizet ya mwaka 1863, ambamo besi na selo ya Ben Hong zinapokezana melodi bila haraka yoyote. Son of Macbeth ni kalipso, muziki wa visiwa vya Karibi, ya kumkumbuka mpiga ngoma Ralph MacDonald, ambaye baba yake aliimba kalipso kwa jina la Macbeth; ni ya furaha, inapendeza, na haihitaji maneno mengi. Xtraordinary na Water Dancer zilinipita bila kuacha alama, labda kwa sababu zimekuja baada ya sikio kushiba.

Wimbo wa mwisho, I Can't Breathe, umebeba maneno ya Eric Garner, aliyefariki New York mwaka 2014 akiwa amekabwa na askari polisi, na mwimbaji wa rap Chuck D anasikika humo. Wapo watakaosema kwamba mtindo wake wa mashine hauendani na nyimbo kumi zilizotangulia. Mimi naona umewekwa mahali pake, kwa kuwa safari iliyoanzia kwenye meli za watumwa haikuishia bandarini.

Anayetaka kuijaribu aanze na wimbo wa tatu, si wa kwanza, na atumie visikizi vizuri ikiwa hana spika ya kuazima. Kijana anayepiga besi katika kwaya yetu alikuja kuichukua spika Jumamosi mchana, akakuta Preacher's Kid ikiendelea, akaketi juu ya kasha la spika ileile akiwa amefumba macho, na mazoezi ya kwaya siku hiyo yalianza kwa kuchelewa karibu nusu saa.