Nilizimiwa maikrofoni nikiuliza habari ya viraka

Wiki mbili tatu zimepita na bado nimekasirika. Nililipa mia tano na bando juu yake, nikafunga kibanda mapema ili nisikilize msanii wa vitambaa mtandaoni, halafu mwendesha kikao akanizimia maikrofoni swali likiwa mdomoni. Eti, "Mama, hayo ya ufundi wa kawaida tuyaweke kando, tuzungumzie sanaa."

Ufundi wa kawaida! Na wakati huo kwenye skrini kuna nini? Viraka! Msanii alikuwa anatueleza kuhusu wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, wazao wa watumwa waliounga nguo kuukuu ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi yao yakatundikwa kwenye makumbusho ya Houston, na 2006 yakachapwa kwenye stempu za posta. Akafika kwa Missouri Pettway, ambaye mwaka 1942, mumewe alipofariki, alichukua nguo zake za kazi akazishona blanketi la kujifunika. Hapo nililia. Nashona soko la Kibuye, Kisumu, miaka yote hii na sijawahi kusikia mtu akiizungumzia sindano kwa heshima namna ile.

Swali langu lilitoka hapo hapo. Ninalo koti la kazi la marehemu mama, alilovaa KICOMI, kile kiwanda cha nguo cha Kisumu, kabla hakijafungwa. Limechakaa, ukilivuta kidogo linaachia. Nikilishona pamoja na kitambaa kigumu, si kile kigumu kitalichana? Basi. Kuna ubaya gani?

Nilitaka kuwaambia msipoteze pesa zenu. Lakini msanii mwenyewe alikuwa amesikia. Kabla ya kuaga alichukua blanketi lake akaligeuza, akatuonyesha mgongo: kitambaa chepesi kimetandazwa nyuma yote, kimeshikizwa kwa mkono, mishono mipana, ili kile kichakavu kisibebe uzito peke yake. Dakika mbili hazikufika. Zile dakika mbili zilinipa kuliko saa nzima ya maneno ya yule mwendesha kikao.

Kwa hiyo kama ni msanii yule tena, lipeni, hata mimi nitalipa. Yule mwingine akiwa ndiye anayeendesha, sijui. Pengine nitaingia, lakini swali langu nitaliandika mapema, kubwa, kila mtu alione. Koti la mama nimeshalitoa sandukuni.