TAHADHARI: Anayeuza "ziara binafsi ya nusu siku" Kilwa Kisiwani, kila kitu ndani

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, na nyie mnaopanga kuteremka kusini likizo hii, kuna mtu anatangaza ziara ya Kilwa Kisiwani, kile kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, kwenye magrupu ya WhatsApp. Tangazo lake linasema: ziara binafsi, nusu siku, familia yako tu, boti, mwongozaji, kibali na kiingilio, kila kitu ndani. Huyo ni tapeli. Amewala dada yangu na shemeji, na kwa niliyoyasikia baadaye pale Kilwa Masoko, mji wa bara unakovukia kwenda Kisiwani, wao si wa kwanza. Jina alilotupa siliandiki kwa sababu siamini kama ni lake, na namba yake ipo polisi pamoja na RB, yaani namba ya taarifa tuliyoandikisha. Laini atabadilisha hata kesho, ila mtindo wake wa kazi haubadiliki upesi, kwa hiyo nitaeleza huo.

Tangazo lenyewe linajisema. Picha ya kwanza ni kaburi la nguzo ndefu katikati ya magofu. Aliyewahi kufika Kaole, Bagamoyo, analijua kaburi hilo. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje na Kisiwani nimekwenda tangu utotoni, nikashtuka mara nilipoiona. Bahati mbaya dada alinitumia tangazo wakati wameshatuma kishika uchumba wakiwa Dodoma, elfu tisini, nusu ya bei ya watu wote. Chini kabisa limeandikwa kwamba ukiongeza kidogo unapelekwa na Songo Mnara nusu siku hiyohiyo. Songo Mnara iko kusini zaidi, ni safari ya boti kwenda na kurudi, na ukifika kuna mji mzima wa mawe wa kuuzunguka. Mtu anayeufahamu ule mkondo hawezi kukuahidi vyote viwili kabla ya chakula cha mchana.

Hela inakwenda kwenye namba ya mtu binafsi, si lipa namba ya biashara. Shemeji alipoingiza namba, kabla ya kuweka namba ya siri likatokea jina la mwanamke. Akauliza. Jibu likaja papo hapo: "Bosi, hiyo ni ya mke wangu, yangu imefika limiti ya leo." Jibu limeiva namna hiyo kwa kuwa analijibu kila siku.

Alituambia tuwe gatini Masoko saa mbili kamili asubuhi. Tulikuwa pale: dada, shemeji, watoto, mama mkwe wa dada ambaye miguu inamsumbua, na mimi niliyetoka Lindi usiku wa kuamkia siku hiyo ili nionane na wapwa zangu. Mwenyewe akatokea saa nne kasoro, kofia kichwani, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Nilikiangalia vizuri. Picha imebandikwa, juu kumeandikwa "TOUR GUIDE" kwa herufi kubwa, hakuna namba ya leseni, hakuna tarehe ya kuisha, hakuna jina la aliyekitoa. Kitu cha steshenari, kazi ya dakika tano.

"Shikamoo mama. Karibuni sana wageni wangu," akasema, na pumzi ya pili ikawa hela. Nusu iliyobaki taslimu, halafu juu yake "kibali cha kisiwa", kila kichwa, watoto wamo. Shemeji akamkumbusha kwamba tangazo lilisema kila kitu ndani. "Kila kitu upande wangu bosi. Hiki cha serikali kimepanda juzi." Tena akapiga hesabu kwa bei ya wageni wa nje, eti kwa sababu tumekuja kama kundi la watalii. Mtanzania halipi kiingilio sawa na mgeni wa nje, na kutembea kwa kundi hakukubadilishii uraia. Alipoona nimeanza kuuliza akapunguza haraka, akatoa kitabu cha risiti cha dukani chenye karatasi ya kaboni, akaandika "Ada ya kisiwa" na kugonga muhuri uliosema PAID na si kingine. Bibi alikuwa keshachoka na jua, watoto wanalia wanataka boti. Shemeji akalipa.

Sasa hiyo boti binafsi. Ilikuwa mashua ya abiria, ileile wanayopanda watu wa Kisiwani kila siku kuja sokoni Masoko na kurudi. Tulikaa na kina mama wenye ndoo na magunia, kijana mmoja kapakata kuku wawili. Sina neno na kina mama, walitupisha bibi akakaa vizuri, na nahodha alikuwa mtu mstaarabu. Ila "familia yako tu" ndiyo hiyo, na nauli aliyomlipia kila mmoja wetu nilimwona akiihesabu: ya kawaida kabisa. Maboya ya kuokolea hayakuwepo hata moja.

Kwa vile alichelewa, maji yalikuwa yanatoka. Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia bila kujua sababu. Masoko kuna gati, unapanda umesimama mkavu. Upande wa Kisiwani, maji yakikupwa, mashua inasimama mbali na unateremka kutembea ndani ya maji na tope. Bibi wa watu alishuka ameshikwa huku na huku, gauni limelowa mpaka magotini. Nusu siku ya Kilwa hupangwa kwa maji. Bahari inajaa na kukupwa mara mbili kwa siku, kila zamu kama saa sita, na wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, inatoka mbali zaidi. Mwongozaji wa kweli anakupangia saa ya kuvuka kwa kuangalia hilo kwanza. Huyu alikuwa anaangalia simu.

Tukafika Gereza, ngome iliyo karibu na ufuko. Akasimama mlangoni, akakohoa, akatangaza kwamba lilijengwa na Wajerumani. Nikamtazama. Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliivamia Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome yao hapo na kuondoka miaka michache baadaye. Kinachoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, mnamo mwaka 1800 hivi. Mjerumani alikuja karne ya 19 inakaribia kwisha, na makao yake aliyaweka kwetu Kivinje. Kwenye Msikiti Mkuu mambo yalizidi: una miaka 2000, akasema. Uislamu wenyewe haujafikisha miaka hiyo. Sehemu ya zamani ya msikiti ule ni ya karne ya 11, na ule upanuzi mkubwa wa nguzo na makuba ulifanywa mwanzoni mwa karne ya 14, Kilwa ilipokuwa imeshiba dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo. Mpwa wangu wa darasa la sita alikuwa anaandika yote kwenye daftari, maana mwalimu wao aliagiza taarifa ya likizo. Hela inauma, lakini mimi daftari lile liliniuma zaidi.

Watoto wakaachwa wapande kuta za matumbawe zenye mamia ya miaka. Nikawashusha mimi, yeye akiwa kando anamnong'oneza shemeji. Nilikuja kujua baadaye walichokuwa wananong'ona: sarafu. Alimuuzia kipande cheusi cheusi kwa elfu ishirini, "ya sultani, imeokotwa hapahapa baada ya mvua". Kilwa ni kweli ilifua sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani, ndiyo maana uongo huu unanoga. Jioni mpwa akaisugua kwa ndimu na majivu. Upande mmoja ikatokea sura ya Mwalimu Nyerere, upande wa pili mbuni. Senti ishirini. Tulicheka mpaka bibi akatokwa machozi, lakini ingekuwa ya kweli kusingekuwa na cha kuchekesha: vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na anayekutwa navyo mfukoni ni mnunuzi, wakati muuzaji keshapotea. Ukiuziwa chochote magofuni, kataa.

Nikamuuliza Husuni Kubwa tunakwenda saa ngapi. Akasema njia imefungwa kwa sababu maji yamekupwa, ila tukiongeza elfu arobaini ataongea na mtu wa boti. Uongo mtupu. Husuni Kubwa iko mashariki ya hapo, juu ya jabali linalotazama bahari, na kuna njia ya miguu kupita kisiwani. Maji yakijaa unaweza kupelekwa kwa boti mpaka chini yake, yakikupwa unatembea. Kufika Kisiwani ukaacha Husuni Kubwa ni hasara. Lile ni kasri la Sultani al-Hasan bin Suleiman, ndiye aliyekuwa anatawala Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita Kilwa mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya 100, na lina lile birika la pembe nane ambalo hata likiwa kavu unakaa ukingoni na kuanza kujiuliza watu hawa walikuwa watu gani. Dada alikuwa anataka kuliona hilo tangu shuleni.

Nikamwambia, kabla ya kuongeza hata shilingi, nataka stakabadhi ya kiingilio chetu. Akatoa ile ya kaboni. Nikamwambia hapana kaka, malipo ya serikali yana kontrol namba, namba maalumu ya muamala, nionyeshe hiyo au meseji yake. "Ah, mkubwa, ile iko kwa mwenzangu pale kwenye mashua, ngoja niifuate." Akaenda. Tukakaa chini ya mbuyu. Baada ya muda mtoto mmoja wa pale akaja kutuambia mwenzetu kashapanda, kaondoka. Simu haipatikani.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja aliyekuwa anasuka dema, mtego wa samaki, mbele ya nyumba yake. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Yule si wa hapa. Anawashusha watu, anawaacha." Akatupa maji ya kunywa, akamtuma kijana wake atutafutie mashua ya kurudia. Nauli tukalipa wenyewe. Husuni Kubwa hatukwenda, miguu ya bibi ilikuwa imekataa.

Masoko nilikwenda ofisini. Magofu haya yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na hakukuwa na malipo yoyote yaliyofanywa kwa ajili yetu siku ile. Kwa maana nyingine tuliingizwa kwa mlango wa nyuma kwenye eneo ambalo liko Urithi wa Dunia tangu 1981, na lililowahi kuwekwa kwenye orodha ya hatari kuanzia 2004 hadi 2014 kwa jinsi kuta zilivyokuwa zinaanguka. Kiingilio ambacho kingechangia kuzitunza kikaishia mfukoni mwa mtu.

Kwa hiyo ukija Kilwa, anzia Masoko ofisini kwa TAWA kabla ya kuongea na yeyote gatini. Lipia kiingilio kwa kontrol namba wewe mwenyewe, uone jina na kiasi. Waulize waongozaji wenye leseni, wapo, na ni vijana wanaoijua kazi. Boti elewana na nahodha uso kwa uso, mkubaliane na saa ya kurudi, na nusu ya hela ibaki mkononi mwako mpaka uguse gati. Na kama mtu amekufuata kwa simu, kabla hujamtumia hata mia, muulize swali moja tu: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi? Anayefanya kazi hii atakujibu kabla hujamaliza kuuliza, tena atakushauri uje mapema au uchelewe. Tapeli atakwambia usijali bosi.

Watu wa Mtwara nanyi muwe macho. Rafiki yangu wa Shangani amenionyesha tangazo lenye maneno yaleyale, neno kwa neno, ila limeanzia Mikindani: Boma la Wajerumani, soko la watumwa, alipopita mmisionari Livingstone 1866, halafu Kilwa Kisiwani, yote nusu siku. Mikindani kweli ni matembezi ya asubuhi moja, unatoka Mtwara mjini na bajaji, unazunguka kwa miguu, na Boma lile la 1895 siku hizi ni hoteli. Lakini kutoka hapo mpaka Kilwa Masoko ni karibu kilomita 300. Sijui huyo atawapeleka kwa ungo.

Walioliwa tayari: piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja hela ikiwa bado haijatolewa, namba ya tapeli itume kwenda 15040, kisha nenda kituo cha polisi na picha za mazungumzo na meseji za muamala. Usizifute hata kwa hasira. Sisi tumefungulia Masoko, na tumeambiwa malalamiko yakiwa mengi juu ya namba moja ndipo faili linakuwa na uzito, kwa hiyo kama alikupiga hata elfu kumi nenda ukaandikishe.

Jambo jingine. Kuna picha ya kijana mwenye kofia ya njano inazungushwa kwenye magrupu ikisemwa ndiye huyu. Siye. Huyo wa picha ni mwongozaji halali wa palepale Masoko, nimeonana naye na leseni yake nimeisoma, na tangu picha ianze kuzunguka wageni wawili wameshavunja safari naye. Mlioisambaza, tafadhali ifuteni.