Kitabu cha ufahamu wa Kizungu kwa watoto wa Kichina: ni kizuri, lakini funika ukurasa wa kulia

Hichi kitabu nakipa nyota nne kati ya tano. Mi nafundisha tuisheni ya Kizungu huku Nyali, na wanafunzi wangu wengi sasa hivi ni watoto wa Kichina ambao wazazi wao wako Mombasa kikazi, wengine biashara, wengine ujenzi, na kati ya vitabu vyote vya mazoezi ya ufahamu ambavyo wazazi wameniletea kutoka kwao hichi ndicho ninachokitumia kila wiki na bado nakitetea. Jina la jalada ni Kichina kitupu na vya aina yake viko tele, vimepangwa karibu sawa, kwa hivyo haya ninayosema yatakufaa hata ukipata cha kampuni nyingine. Mwambie mzazi unataka mazoezi ya kusoma ya gaokao, atajua atafute nini.

Kwa asiyejua, gaokao ni ule mtihani wao wa kumaliza sekondari, unafanywa Juni kila mwaka, na Kizungu ndani yake kina maksi 150. Kwenye karatasi yao mpya ya kitaifa kusoma peke yake ni maksi 50, yani theluthi nzima. Kuna vifungu vinne vyenye jumla ya maswali 15 ya kuchagua A mpaka D, kila swali maksi mbili na nusu, halafu kifungu cha tano kina mapengo matano na chini yake sentensi saba, mtoto achague tano za kujaza na mbili zibaki nje. Kitabu kinafuata mpango huo mwanzo mpaka mwisho. Kifungu cha kwanza mara nyingi ni tangazo au habari za safari, bei, saa za kufungua, vitu kama hivyo, kisha vinakuja visa vya watu, na cha nne ndicho kigumu, sayansi au hoja ya mtu fulani. Kama umezoea karatasi ya pili ya Kizungu ya KCSE, mtihani wetu wa Kenya wa kumaliza sekondari, ile ya maksi 80 ambayo ufahamu una maksi 20 na mtoto lazima aandike jibu kwa mkono wake, utaona hapa hakuna kuandika hata sentensi moja, na unaweza kudhani basi hii ni kazi rahisi. Si rahisi hata kidogo, manake yale majibu matatu ya uongo yametengenezwa na mtu anayejua vizuri mtoto atateleza wapi.

Na hapo ndipo kitabu kinapopata nyota zake. Kijitabu cha majibu kiko kando, chembamba, kimechomekwa kwenye jalada la nyuma. Kila swali limeandikiwa ni la aina gani, la kutafuta habari, la kukisia kutokana na yaliyosemwa, la wazo kuu, ama la kubuni maana ya neno kwa kuangalia maneno jirani. Wanakutajia aya na sentensi yenye ushahidi, halafu, na hii ndiyo naipenda mno, wanaeleza kila jibu la uongo limekosea nini. Moja limebeba maneno yale yale ya kifungu lakini limebadilisha aliyetenda. Jingine ni kweli duniani ila kifungu hakijalisema. Jingine limeanza vizuri kisha likaongezwa chumvi, kifungu kimesema mara nyingi, lenyewe linasema siku zote. Vitabu vingi vya mazoezi, hata vyetu, vinakupa herufi tu, 1 B, 2 D, basi, mtoto anaweka vema au kosa na hajui kwa nini alikosa.

Maelezo yenyewe ni Kichina na Kichina changu mi ni cha salamu, kwa hivyo namwambia mwanafunzi asome halafu anieleze kwa Kizungu. Hapo anakuwa amefanya zoezi la pili bila kujua. Nina msichana mmoja wa miaka kumi na minne, alipokuja alikuwa akiona neno la kifungu limerudi kwenye B basi jibu ni B, hata hafiki C. Nikawa kila jibu namwambia nionyeshe mstari. Sikubali jibu bila mstari, hata likiwa sahihi. Siku hizi anaweka kidole mwenyewe kabla sijauliza, na asipopata pa kuweka kidole anasema, ticha, hili sina ushahidi wake, analifuta, anarudi kusoma. Huyo sasa anasoma!

Kuna sehemu nyingine nzuri ambayo ticha wengi wa hapa wanairuka kwa sababu inaonekana kama sarufi tu. Mwisho wa kila kifungu wanachukua sentensi moja ndefu wanaipasua, kiini kimepigiwa mstari, vipande vya maelezo vimewekwa kwenye mabano. Usiiruke. Chukua sentensi kama hii, nimeitunga mwenyewe: The old man who sold the boat his son had repaired never went back to sea. Mimi na wewe tunaipita tu manake Kiswahili chetu kinakwenda hivyo hivyo, mzee aliyeuza mashua ambayo mwanawe aliitengeneza hakurudi tena baharini, maelezo ya mzee yanamfuata mzee, ya mashua yanafuata mashua. Kichina kinatanguliza maelezo yote kisha ndiyo anatajwa mwenyewe, na kitenzi hakibadiliki umbo kuonyesha wakati. Kijana wangu mmoja, mwerevu sana, hesabu zake mimi siziwezi, aliisoma kwa sauti bila kukwama hata neno moja kisha akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba mwana ndiye hakurudi baharini. Kila neno alikuwa analijua. Alichokosa ni nani amefungwa na nini. Tulipoiweka mabano vile kitabu kinavyofanya, tukafunika vipande vya katikati kwa kidole, ikabaki The old man never went back to sea, akacheka, akaiona. Tangu hapo sentensi ndefu namtaka kwanza aniambie nani na alifanya nini, hayo mengine baadaye. Ticha anayezungumza Kiswahili anaweza kukaa na mtoto wa Kichina mwaka mzima asijue tatizo liko hapa, kwa sababu kwetu sisi si tatizo, na ataishia kumwambia mtoto akariri maneno zaidi na zaidi ilhali maneno anayo. Mtaala wao wa sekondari una orodha ya maneno kama 3,000, na hawa watoto wanayakariri kweli kweli, kwa hilo huwawezi.

Sasa nyota niliyoizuia. Ukurasa wa kushoto kuna kifungu cha Kizungu, ukurasa wa kulia kuna tafsiri nzima ya Kichina, sentensi kwa sentensi. Sielewi aliyepanga kurasa alikuwa anafikiria nini! Mtoto ni binadamu, akikwama kidogo tu macho yanaenda kulia yenyewe, anasoma Kichina, anarudi kushoto kuchagua jibu, anapata yote, mzazi anafurahi, na Kizungu hakijasomwa. Utalijua hili kwa urahisi, mfungie kitabu umuulize aya ya pili ilikuwa inasema nini, atakuambia habari vizuri tu lakini hawezi kukutajia hata neno moja la Kizungu lililokuwa mle. Mi nimekata manila ukubwa wa ukurasa na nimeibana kwa kibanio upande wa kulia, haiondoki mpaka maswali yaishe na mistari ionyeshwe. Tafsiri inafunguliwa mwisho, tunaitumia kukagua, na hapo kwa kweli ina faida yake, manake mtoto anaona pale alipodhani ameelewa na hakuelewa.

Ndani ya kifungu chenyewe pia kuna maneno magumu yamewekewa maana ya Kichina kwenye mabano. Hili nimeliacha, sababu hata kwenye mtihani wao wenyewe maneno yaliyo nje ya orodha yanatafsiriwa hivyo hivyo. Ila mtoto aliyeko skuli za mtaala wa Uingereza hapa Mombasa hatapewa Kichina chochote kwenye mtihani, kwa hivyo huyo nachukua kalamu nyeusi nafuta, namwambia abuni maana kwa maneno ya pembeni.

Lile zoezi la mapengo matano na sentensi saba ningekilipia kitabu hata lingekuwa hilo peke yake. Kwetu tuna kujaza neno moja moja kwenye karatasi ya kwanza ya KCSE, lakini kuingiza sentensi nzima hatuna, na ni zoezi linalomlazimisha mtoto aangalie kamba zinazounganisha habari, hiyo this inarudi kwa nini, they ni kina nani, kwa nini hapa pana however, je sentensi iliyotangulia inapingwa kweli. Mwanafunzi anayesoma neno kwa neno hawezi kulipita hata kwa kubahatisha. Nawafanyisha hata watoto wetu wa Kiswahili na wanahangaika vile vile. Nawataka wasome sentensi iliyo kabla ya pengo na iliyo baada yake kwa sauti, na wakishajaza wasome aya nzima tena, ikikwaruza sikioni kuna kitu hakiko mahali pake.

Jambo jingine ni dunia ya vifungu. Theluji, hifadhi za Marekani, kijana amepata kazi ya likizo duka la vitabu London. Si vibaya, ndiyo mtihani wenyewe ulivyo, lakini hawa watoto wanaishi Mombasa na Kizungu kinachowazunguka ni cha hapa, vibao vya Fort Jesus, magazeti, tiketi za treni ya Miritini. Kwa hivyo kila baada ya vifungu kadhaa naingiza changu. Kinachowapendeza zaidi ni kile nilichoandika kuhusu Owen, yule kiboko mdogo aliyeokolewa baharini huko Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Haller Park, ile bustani ya wanyama hapa Bamburi, akamganda kobe mkubwa wa Aldabra anayeitwa Mzee, kobe wa umri wa kama miaka 130. Nimetunga maswali manne ya A mpaka D kwa mtindo wao, na mawili ya kujibu kwa maneno yako mwenyewe kwa mtindo wetu. Yule msichana wangu aliandika kwamba Owen alidhani Mzee ni mamake. Nikamwambia nionyeshe mstari. Akatafuta juu, akatafuta chini, kifungu kimesema alimfuata, alikula karibu naye, alilala ubavuni mwake, basi. Tukabishana kweli, yeye anasema inajulikana tu, mi nasema nani amesema, mpaka mwenyewe akaandika upya kwamba Owen alionekana kujisikia salama karibu na Mzee kwa sababu alikuwa haendi mbali naye. Sentensi yake mwenyewe, na sababu yake iko kwenye kifungu. Kitabu hakina nafasi ya kazi kama hii hata mstari mmoja na ndiyo maana nasema kisiachwe kifanye kazi peke yake, mtoto akikaa na A B C D miaka mitatu bila kuandika anajifunza kuchagua tu.

Wazazi wengine hili linawapa taabu kidogo. Mama mmoja aliniuliza kwenye WeChat, Madam, mbona saa nzima mmefanya kifungu kimoja, kule nyumbani mtoto angefanya vinne. Namwelewa, kule mtihani ni mmoja na unaamua mengi. Nilimwambia naomba aniache hivyo na jioni amwombe mwanawe amsimulie kifungu chote kwa Kizungu. Aliniletea vois noti siku ya pili, mtoto anasimulia, na mama nyuma yake anasikika akicheka kwa furaha. Hatujabishana tena kuhusu idadi ya kurasa.

Ukiwa na mwanafunzi mkubwa anayetaka IELTS, ule mtihani wa Kizungu wa wanaotaka kwenda kusoma ng'ambo, usimnunulie hichi. Kule ni vifungu vitatu virefu, maswali 40 kwa dakika 60, na kuna lile swali la Kweli, Si Kweli, na Haikutajwa, ambalo huku halimo. Mtoto aliyezoea gaokao anaamini jibu liko tu mahali fulani, atalitafuta lisiloandikwa mpaka dakika zimuishie. Karatasi za zamani zinazochapishwa na Cambridge zitamfaa zaidi.

Bei iliyochapwa nyuma ni yuan 39.8, kwa pesa zetu kama mia saba na kitu, lakini kukisafirisha kimoja kimoja utalipa kuliko kitabu chenyewe, afadhali umtume mzazi anayeenda nyumbani mwaka mpya wao, mwezi wa kwanza au wa pili, arudi na vya darasa zima. Chukua cha mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu hata kama mtoto yuko mbele ya hapo, cha mwaka wa tatu kinakimbia sana na vifungu vyake vinakatisha tamaa. Karatasi ni nyembamba, kalamu ya maji inapenya upande wa pili, tumia penseli. Gundi ya mgongo nayo haiwezi joto letu, changu kilianza kuachia kurasa Machi, nikakipeleka town kikatiwa spiro na sasa kinalala wazi mezani vizuri kuliko kilivyokuwa kipya. Ukikipeleka, kile kijitabu cha majibu usikifunge pamoja, kitoe ukae nacho wewe.